Nywele za Kipilipili Si Kasoro: Namna ya Kuzitunza, Kuzisuka na Kuzisemea

Watoto wetu huhifadhi Suratut-Tin mapema, wengi wao kabla hawajaweza kusoma peke yao. Humo hufundishwa kwamba Mwenyezi Mungu amemuumba mwanadamu katika umbo lililo bora kabisa. Kisha binti huyo huyo aliyeisoma sura hiyo chuoni asubuhi hukalishwa kwenye kigoda jioni ili achanwe nywele, na hapo husikia somo jingine: kwamba nywele zake ni ngumu, ni mbaya, zinachosha mikono, na kwamba dada yake mwenye nywele za singa ndiye aliyebahatika. Maneno hayo husemwa kwa mzaha, na mara nyingi msemaji ni mtu anayempenda mtoto huyo kuliko watu wote. Lakini mtoto hana mizani ya kupimia mzaha. Huyachukua yote mawili, sura na kejeli, akakua nayo.

Wiki hii tumeonelea tuzungumze na akina mama, mabibi, mashangazi na mabinti juu ya nywele za kipilipili, na zile za mawimbi zilizo karibu nazo. Tutaeleza jinsi ya kuziosha, kuzichana, kuzipaka mafuta na kuzipamba, na pia mambo yanayoziharibu. Juu ya yote tunataka kulithibitisha jambo moja: nywele hizi hazina maradhi ya kutibiwa. Zina tabia yake, na mwenye kuijua tabia hiyo hazimsumbui.

Tabia ya unywele uliojikunja

Kila unywele huota kutoka katika kishimo kidogo kilichomo ndani ya ngozi. Kishimo kikiwa cha mviringo na kimenyooka, unywele hutoka ukiwa umenyooka. Kikiwa kimepinda na bapa kidogo, unywele hutoka ukijizungusha. Kwa hivyo umbo la nywele huamuliwa chini ya ngozi. Hakuna sabuni, mafuta wala dawa inayoweza kubadilisha unywele utakaoota kesho, na ndiyo sababu mwenye kunyoosha nywele kwa dawa hulazimika kuirudia kila baada ya wiki chache.

Kutokana na umbo hilo huzaliwa mambo matatu. La kwanza ni ukavu. Ngozi ya kichwa hutoa mafuta yake ya asili, na katika nywele za singa mafuta hayo huteremka bila ya kizuizi hadi nchani. Katika nywele za kipilipili huzuiwa na kila pindo, kwa hivyo shina huwa na mafuta na ncha huwa kavu. La pili ni udhaifu. Kila mahali unywele unapojipinda ndipo panapokatika kwa wepesi, hasa ukichanwa kwa nguvu ukiwa mkavu. La tatu ni kujikunja kwenyewe: unywele wenye urefu wa shibiri moja ukiwa umenyooshwa huonekana kama nusu yake ukiachwa.

Mabinti wengi hulalamika kwamba nywele zao hazikui. Kwa kawaida zinakua, kwa kiasi cha sentimita moja hivi kila mwezi. Linalotokea ni kwamba kinachoota shinani kinakatika nchani, na mwisho wa mwaka urefu ni ule ule. Anayetaka nywele ndefu basi asitafute dawa ya kuzikuza. Na atafute njia ya kuzihifadhi zisikatike, kwani huko ndiko siri iliko.

Heshima ya nywele katika mafundisho yetu

Kutunza nywele si anasa ya wanawake wasio na kazi. Katika Hadithi aliyoipokea Abu Huraira (R.A.), iliyomo katika kitabu cha Abu Daud, Mtume (S.A.W.) alimuagiza kila mwenye nywele azikirimu. Hakubagua baina ya nywele na nywele. Anas bin Malik (R.A.), aliyemtumikia Mtume kwa miaka mingi, alizieleza nywele zake kuwa hazikuwa za kusokotana mno wala hazikuwa za singa tupu. Na Ummu Hani (R.A.) amesimulia kwamba Mtume alipoingia Makka alikuwa na misuko minne. Binti yake Mtume alipofariki, wanawake waliomwosha, akiwemo Ummu Atiyya (R.A.), walitumia maji yaliyotiwa majani ya mkunazi, wakamchana nywele, wakamsuka misuko mitatu. Basi kuchana na kusuka kwa upole ni heshima iliyomfuata mtu hata katika josho lake la mwisho. Vipi mtoto aliye hai akose heshima hiyo?

Liko na fundisho jingine linalowafaa hasa wenye nywele zetu. Imepokewa kutoka kwa Abdullah bin Mughaffal (R.A.) kwamba Mtume alikataza kuchana nywele ila siku baada ya siku. Wanazuoni wamelifahamu katazo hilo kuwa ni kuzuia mtu asishughulike kupita kiasi na kujipamba. Sisi twaona kwamba mwenye nywele za kipilipili ana sababu ya ziada ya kulifuata, kwa kuwa chanuo la kila siku ndilo adui wa nywele hizi.

Siku ya kuosha

Nywele za kipilipili hazihitaji kuoshwa kwa sabuni kila siku. Mara moja kwa wiki inatosha kwa watu wengi, na wengine hufika siku kumi. Nyumba nyingi hupenda jioni ya Alhamisi, kuamkia Ijumaa, na ni desturi njema kwa kuwa mtu huingia siku tukufu akiwa safi.

Kwanza tutazame maji. Visima vyetu vingi vya mwambao vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, na maji yake huwa na chokaa na chumvi. Sabuni ikikutana na maji hayo haitoi povu, bali huacha utando mweupe unaong'ang'ania nywele na kuzifanya ngumu kama kamba. Mara nyingi mtoto hulaumiwa kwa ugumu wa nywele ilhali ugumu ni wa maji. Mwenye kisima cha aina hiyo anaweza kuosha kwa maji hayo, kisha akasuuzia kwa lita mbili tatu za maji matamu: ya mvua yaliyokingwa, ya mfereji, au kwa watu wa Lamu yale yatokayo chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Asiyepata maji matamu ya kutosha na atie kijiko kimoja cha siki katika lita moja ya maji ya suuzo la mwisho. Siki hupunguza utando na kuulainisha unywele, na harufu yake hupotea nywele zikikauka.

Sabuni ya mche inayofulia nguo haifai kichwani. Ni kali mno kwa ngozi na huondoa hata yale mafuta machache yaliyopo. Shampuu laini hufaa zaidi. Asiye na shampuu anaweza kutumia unga wa majani ya mkunazi, uliochanganywa na maji ya vuguvugu hadi ukawa rojo. Majani hayo hutoa povu jepesi la asili na husafisha bila ya kukausha sana.

Utaratibu wenyewe ni huu. Kwanza, pakaa mafuta ya nazi saa moja kabla ya kuosha, au usiku wa kuamkia siku hiyo. Pili, gawanya nywele mafungu manne na ulifunge kila fungu, ili usipambane na kichwa kizima kwa mara moja. Tatu, tia shampuu kwenye ngozi ya kichwa na usugue kwa ncha za vidole, si kwa kucha. Povu litakaloteremka latosha kusafisha nywele zenyewe. Nne, suuza, kisha pakaa kondishena kwa wingi, hasa nchani. Tano, hapo nywele zikiwa bado zina maji na kondishena, ndipo uchane. Sita, suuza mara ya mwisho na uzikamue taratibu kwa leso kuukuu ya pamba. Taulo lenye manyoya hukwaruza na kuvuruga mapindo, lakini leso iliyofuliwa mara nyingi huwa laini na hunywa maji vizuri.

Chanuo na kitana

Lugha yetu ina majina mawili ya vifaa vya kuchania, na wazee hawakuyatofautisha bure. Kitana ni kidogo na meno yake yamesongamana. Chanuo ni kubwa, la mti, na meno yake ni marefu yenye nafasi baina yake. Hilo ndilo lililochongwa kwa nywele zetu. Siku hizi nyumba nyingi zimebaki na vitana vya plastiki tu, na machozi ya watoto wengi yanaanzia hapo.

Kanuni ya kuchana ni kuanza nchani na kupanda juu. Shika fungu la nywele katikati kwa mkono mmoja, ili mvuto usifike kwenye ngozi, na kwa mkono wa pili chambua ncha. Ncha zikifunguka, panda vidole viwili, chambua tena, hadi ufike shinani. Anayeanza shinani huyasukuma mafundo yote mpaka yakawa fundo moja kubwa, kisha hulazimika kulikata. Fundo lililokaza hufunguliwa kwa vidole vilivyopakwa mafuta. Na tukumbuke kwamba Mtume alipenda kuanzia upande wa kulia katika kuchana kwake, kama alivyosimulia Bibi Aisha (R.A.). Ni adabu nyepesi ambayo mtoto anaweza kuifunzwa papo hapo.

Zinazobaki kwenye chanuo zisimtie mtu hofu. Binadamu hupoteza nywele baina ya 50 na 100 kila siku, na mwenye kuchana mara moja kwa wiki huziona zote kwa pamoja.

Mafuta, na lililo bora kati yake

Iko dhana kwamba mafuta hunywesha nywele. Kinachonywesha ni maji. Mafuta huyazuia maji yasitoke upesi. Kwa hivyo kupaka mafuta juu ya nywele kavu ni kufunga mlango wa nyumba isiyo na mtu. Nyunyizia maji kwanza, kisha pakaa mafuta kidogo, kiasi cha kung'arisha viganja.

Mafuta ya nazi, ambayo wengi wetu tumekua tukiyadharau kwa sababu yako jikoni, yana sifa ambayo mafuta mengi ya dukani hayana. Mwaka 2003 watafiti wa India walichapisha matokeo ya kulinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na mafuta ya madini. Yalionekana ya nazi peke yake kupunguza kwa kiasi kikubwa upotevu wa protini ya unywele, yakipakwa kabla au baada ya kuosha. Sababu yake ni kwamba chembe zake ni ndogo na zimenyooka, zikaweza kupenya ndani ya unywele badala ya kukaa juu yake tu. Bibi zetu walifikia matokeo hayo hayo bila ya maabara.

Kuyatengeneza si kazi ngumu. Kuna nazi zilizokomaa kwenye mbuzi, kama tui zito, uliache litulie, kisha lichemshe kwa moto mdogo huku ukikoroga. Maji yataisha, mafuta yatajitenga na mashapo yatageuka rangi ya dhahabu. Epua kabla hayajaungua, chuja kwa kitambaa safi, na uhifadhi katika chupa kavu kabisa, kwani tone la maji huyachachusha. Wapendao huongeza asumini wakati mafuta yangali na vuguvugu. Mafuta ya simsim nayo hufaa. Ya mbarika, yaitwayo pia nyonyo, ni mazito mno. Yachanganywe na ya nazi ndipo yatumike.

Ifahamike pia kwamba mafuta si tiba ya kila kitu. Mba mwingi huzidi kwa kulundikiwa mafuta. Na mtoto mwenye mabaka ya duara kichwani ambapo nywele zimekatika huenda ana choa, ambacho mzizi wake umo ndani ya vishimo vya nywele na huhitaji dawa ya kumeza kutoka hospitali. Asinyolewe kwa aibu wala asifichwe, na chanuo lake na kofia yake visitumiwe na wenzake.

Mitindo isiyodhuru

Uzuri wa nywele za kipilipili ni kwamba zinashika umbo zinalopewa. Kwa mtindo wa kusokota, chukua nywele zikiwa na unyevu, zigawe mafungu madogo, na kila fungu ulisokote mbili mbili hadi nchani. Ziache zikauke usiku kucha. Asubuhi zifumue kwa vidole vyenye mafuta kidogo, nazo zitaanguka katika mawimbi yaliyopangika ambayo hudumu siku kadhaa zikihifadhiwa usiku. Anayetaka urefu uonekane bila ya moto anaweza kuzifunga kwa nyuzi tangu shinani hadi nchani. Zikikauka zitakuwa zimenyooka kiasi, na uzi hauchomi mtu.

Kwa wanafunzi, misuko sahili kama twende kilioni hupumzisha nywele na kumpunguzia mama kazi ya kila asubuhi. Isizidi wiki mbili au tatu kabla ya kufumuliwa na kuoshwa. Kwa watu wazima, fundo la kisogoni linapendeza, ila lisikazwe mahali pamoja kila siku. Na siku ya shughuli, ni nani asiyejua heshima ya kikuba cha asumini na rihani kilichochomekwa penye nywele zilizosukwa vizuri? Wapenzi wa udi wafukize mtandio na nguo, wasikishikilie kichwa juu ya chetezo kwa muda mrefu, kwani joto na moshi hukausha nywele.

Alama ya msuko mbaya ni maumivu. Mtoto akilala usiku akilia kichwa, au vikitokea vipele vidogo kwenye paji na penye panja, msuko umekazwa kupita kiasi na ufumuliwe usiku huo huo. Panja zilizovutwa mwaka baada ya mwaka huanza kwa kupungua nywele, na mwanzoni hurejea zikipumzishwa. Zikiendelea kuvutwa, vishimo hufunga kwa kovu na nywele hazioti tena. Tumewaona mabinti wa miaka ishirini wenye panja za wazee, na yote yalianza kwa kusemwa kwamba uzuri lazima uume.

Ama kuunga nywele kwa nywele nyingine, Hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim imemlaani mwenye kuunga na mwenye kuungwa. Wanazuoni wengi hawakuzihesabu nyuzi zisizofanana na nywele kuwa ni kuunga. Mwenye kutaka ufafanuzi zaidi na amuulize shekhe wa mtaa wake.

Josho na misuko

Bi Ummu Salama (R.A.), mke wa Mtume, aliwahi kuuliza swali ambalo wanawake wengi hulionea haya: je, afumue misuko yake anapooga janaba? Alijibiwa kwamba yamtosha kujimiminia maji kichwani mara tatu, kisha ajimiminie mwili mzima. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yaliyoenea mwambao wetu, sharti ni maji yafike mashinani na ndani ya nywele. Yasipofika ila kwa kufumua, basi hapana budi kufumua. Wako pia wanazuoni waliotaka misuko ifumuliwe katika josho la hedhi. Kutokana na hayo, mwanamke wa Kiislamu ana sababu nzuri ya kupenda misuko myepesi isiyo na gundi wala mafuta mazito yanayozuia maji. Msuko unaomruhusu kuoga vizuri humruhusu pia kuosha kichwa chake vizuri.

Chini ya hijabu

Wapo wanaodai kwamba hijabu huharibu nywele. Hijabu haina kosa. Kosa ni la namna tunavyoivaa. La kwanza ni kuzifunika nywele zingali mbichi. Unyevu uliofungiwa kwa saa nyingi katika joto la mwambao huleta harufu, mwasho na mba. Tukioga alfajiri na kutoka mapema, na tuoshe mwili tu, kichwa tukiache kwa jioni inapowezekana. La pili ni kofia ya ndani inayobana na kusugua paji. Ichague iliyo pana, na ndani yake utie kitambaa cha atlasi au hariri ili nywele ziteleze. La tatu ni pini inayochomwa mahali pamoja daima.

Tunaporejea nyumbani, tufungue nywele na tuzipe hewa. Usiku tuzisokote na tuzifunge kwa kitambaa hicho hicho cha atlasi, kwa sababu foronya ya pamba hunywa mafuta na kuvunja ncha kila mtu anapojigeuza kitandani.

Dawa ya kunyoosha, na vichwa vya watoto

Hapa tunaomba tusomwe kwa makini. Msimu wa harusi au Idd unapokaribia, kuna wazazi wanaowapeleka saluni watoto wa miaka sita au saba ili watiwe dawa ya kunyoosha nywele, na wengine huwatia wenyewe nyumbani. Nia ni mtoto apendeze. Lakini dawa nyingi za aina hiyo hutengenezwa kwa haidroksaidi ya sodiamu, ile kostiki wanayoitumia watengenezaji sabuni. Kazi yake ni kuvunja viungo vya ndani vinavyompa unywele umbo lake, na haiwezi kutofautisha baina ya unywele na ngozi. Ndiyo maana huwasha, na ikikaa zaidi huchoma. Hata zile zinazoandikwa kuwa hazina kostiki zina kemikali nyingine kali inayofanya kazi ile ile. Ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko ya mtu mzima, na mtoto hajui kusema mapema kwamba anaungua.

Dawa ikimuingia mtu machoni au ikamchoma, asipakwe mafuta wala siki. Amwagiwe maji safi mengi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika ishirini, kisha apelekwe hospitali. Na kopo la dawa liwekwe mbali na watoto kama tunavyoweka mafuta ya taa.

Kwa watu wazima pia liko la kutafakari. Oktoba 2022 watafiti wa serikali ya Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497 kwa takriban miaka 11. Walikadiria kwamba kati ya wanawake wasiotumia dawa za kunyoosha nywele, asilimia 1.64 wangepata saratani ya mfuko wa uzazi kabla ya kutimiza miaka 70. Kwa waliozitumia zaidi ya mara nne kwa mwaka, makadirio yalikuwa asilimia 4.05. Uchunguzi wa aina hii huonyesha uhusiano, hauthibitishi kwamba dawa ndiyo iliyosababisha. Hata hivyo mtu mwenye busara haisubiri nyumba iungue ndipo atafute maji. Mwanamke mzima ana hiari yake, na anayetaka kuacha anaweza kuziacha nywele zake ziote huku akipunguza ncha kidogo kidogo. Mtoto hana hiari. Hiari yake imo mikononi mwetu, nasi tutaulizwa.

Neno moja kuhusu hina. Hina safi hutia rangi nyekundu ya udongo na hufaa, japo hukausha, basi ifuatiwe na mafuta. Kinachouzwa kwa jina la hina nyeusi, pamoja na piko, mara nyingi huwa na kemikali ya rangi iitwayo kwa kifupi PPD, ambayo huwavimbisha uso na kuwatoa malengelenge baadhi ya watu. Asiyejua hali yake ajaribu tone moja nyuma ya sikio na asubiri siku mbili. Mtoto asipakwe kabisa.

Ulimi wa mwenye kuchana

Tumeeleza maji, chanuo na mafuta. Kimebaki kifaa kimoja, nacho ni ulimi. Katika Suratul-Hujurat, aya ya 11, tumekatazwa kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya. Katika Suratur-Rum, aya ya 22, tumeambiwa kwamba kutofautiana kwa lugha zetu na rangi zetu ni katika ishara za Mwenyezi Mungu. Sisi watu wa mwambao ni mchanganyiko wa bara na bahari. Ndani ya nyumba moja, tumbo moja, utakuta nywele za singa, za mawimbi na za kipilipili. Hizo ni ishara zimekaa sebuleni kwetu. Lakini tumezipangia madaraja, tukamsifu mmoja kwa nywele za upande fulani wa ukoo na kumhurumia mwingine kwa za upande mwingine, hata katika mazungumzo ya posa.

Tunapendekeza jambo dogo ambalo kila nyumba inaweza kulianza wiki hii. Neno "nywele mbaya" litolewe katika msamiati wa nyumba. Ziko nywele kavu, ziko zilizofungana, ziko zinazotaka kuoshwa. Hizo ni hali, na kila hali ina dawa yake. Mabibi na mashangazi nao waelezwe kwa adabu, maana wao ndio wenye neno linalosikilizwa. Na anayechana amweleze mtoto anachokifanya: hapa naanza kulia, hapa nachambua ncha, hapa natia mafuta. Mtoto akifika miaka tisa au kumi atakuwa anajua kazi yote, na siku moja atamkalisha mdogo wake kwenye kigoda bila ya kumliza.

Nusu saa ya kuchana ni katika nyakati chache ambazo mama na binti hukaa karibu, mikono ikiwa na kazi na midomo ikiwa huru. Humo mtoto husikilizishwa sura aliyohifadhi, huulizwa habari za shule na hupewa nasaha. Basi na apewe humo pia habari njema juu ya kichwa chake mwenyewe. Tunamwomba Mwenyezi Mungu aifanye mikono yetu iwe mipole na ndimi zetu ziwe njema kwa watoto aliotukabidhi. Amin.